Ugumu wa Shujaa

Kama mtu angepewa uwezo wa kumwumba shujaa, akaambiwa kwamba sifa alizopewa kugawa ni chache na hazitoshi kuijaza kila pembe ya nafsi, angempa ugumu wa mwili kiasi gani? Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la mzaha, maana binadamu hawaumbwi na binadamu wenziwe. Walakini watunzi wa hadithi wamelijibu tangu kale. Wachezaji wa mchezo mmoja wa mezani hulijibu kila wanapoketi kucheza. Na kila kijana hulijibu, ajue asijue, anapochagua sifa ya kuitunza katika nafsi yake na sifa ya kuiacha ikasongwa na magugu.

Sisi tukaao Eldoret tuna sababu ya kuliuliza kuliko watu wengi. Jina la mji wetu husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai eldore, maana yake mto wa mawe, kwa ajili ya mto Sosiani upitao mjini juu ya miamba. Kila alfajiri, katika barabara ziendazo Iten na Kaptagat, vijana wa kike na wa kiume hukimbia katika baridi ya nyanda za juu kabla jua halijachomoza. Ugumu husifiwa hapa tangu utotoni. Mtoto akijikwaa huambiwa anyamaze. Kijana akichoka huambiwa aendelee. Sifa hiyo ni njema, wala insha hii haikusudii kuitukana. Kinachotafutwa ni kipimo chake, kwa kuwa hata chumvi ni njema, lakini mchuzi hauwi chumvi tupu.

Tuanze na mchezo, kwa sababu ndani yake swali letu limewekwa wazi kwa hesabu. Mwaka 1974, huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ulitolewa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Mchezo huu hauna kete za kuteka kama bao letu, wala karata. Watu huizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi, na wengine kila mmoja humbuni mtu wake, awe mpiganaji, mchawi au kasisi, kisha kwa maneno matupu humpitisha katika mapango, misitu na majumba yenye madubwana. Katika mchezo huo wa mwaka 1974, kabla ya safari, dadu tatu zilirushwa kwa kila sifa ya mtu huyo. Sifa zenyewe ni sita: nguvu, akili, hekima, siha, wepesi na haiba. Kipimo cha chini kabisa kilikuwa 3, na cha juu kilikuwa 18. Siha ndiyo ugumu tunaousema hapa, yaani uwezo wa mwili wa kustahimili mapigo na taabu. Kitabu cha kwanza cha mchezo huo kilieleza kwamba siha humsaidia mtu kustahimili hata kupoozwa au kugeuzwa jiwe.

Asili ya mchezo huu ni michezo ya vita, ambayo maofisa wa jeshi la Prussia walianza kuitumia kujifunzia katika karne ya 19. Katika michezo mingi ya namna hiyo askari mmoja hakuwa na thamani kubwa. Akipigwa mara moja huondolewa, na vita huendelea. Lakini Arneson, alipokuwa akiwasimulia rafiki zake visa vya nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor mnamo mwaka 1971, aliona jambo jipya. Mchezaji aliyepewa shujaa mmoja tu alimpenda, akamwita kwa jina, akahuzunika kumwona amekufa kwa dharuba moja. Ndipo Arneson alipoazima kanuni kutoka katika michezo ya vita vya majini. Manowari haizami kwa kombora la kwanza. Madhara yake huhesabiwa moja baada ya moja. Basi shujaa naye akapewa hesabu ya uhai, ipungue kwa kila pigo mpaka iishe. Hivyo ugumu katika mchezo huu ulizaliwa kwa mapenzi, maana watu hawakutaka kumpoteza upesi yule waliyekwisha kumzoea.

Sasa tazama mahali sifa hiyo ilipowekwa. Katika mchezo wa mwaka 1974, sifa kuu ya mpiganaji ilikuwa nguvu, ya mchawi ilikuwa akili, na ya kasisi ilikuwa hekima. Siha haikuwa sifa kuu ya mtu yeyote. Pamoja na hayo, mwenye siha ya 15 au zaidi, awe mpiganaji au mchawi, aliongezewa uhai, na mwenye siha duni alipunguziwa. Kwa hiyo ugumu ulikuwa sifa isiyomfanya mtu kuwa fulani, lakini iliyomwezesha kuwapo. Ni kama bawabu wa nyumba: bila yeye nyumba huibiwa, lakini nyumba haikujengwa kwa ajili yake.

Katika matoleo ya baadaye mchezaji aliweza kupewa jumla ya pointi azigawe mwenyewe, na hapo ubakhili wa maumbile ulidhihirika. Kila pointi iliyotiwa katika ugumu iliondolewa katika akili au haiba. Aliyetia zote katika ugumu alipata shujaa asiyeuawa upesi, lakini asiyejua kuufungua mlango uliofungwa, wala kumsadikisha mfalme mwenye shaka, wala kumtambua mwongo. Shujaa wa namna hiyo husimama muda mrefu sana mahali pasipomfaa.

Watu wa Afrika Mashariki walikuwa wamelitafakari jambo hili kabla dadu za Marekani hazijarushwa. Wa kwanza wa kumtaja ni Fumo Liyongo, shujaa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye habari zake husimuliwa katika Pate, Lamu na kinywa cha mto Tana. Kisa chake kilipigwa chapa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakiandika kwa utenzi mwaka 1913. Liyongo alikuwa mrefu, mwenye nguvu, mpiga upinde na mshairi. Mtawala wa Pate alimwogopa, akamtia gerezani. Tuangalie jinsi alivyotoka. Hakuvunja kuta kwa kifua chake. Alimtungia mamaye ujumbe wa kishairi, akauchukua kijakazi Saada, na mama akaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Wakati ngoma ilipovuma nje, Liyongo alikata minyororo, na sauti ya tupa ikapotea katika sauti ya ngoma. Hapo waliomwokoa ni utungo wake, akili ya mamaye na uaminifu wa kijakazi. Ugumu wake ulimweka hai gerezani mpaka msaada ulipofika.

Kifo chake nacho kina mafundisho. Silaha zote zilishindwa naye, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo hakuijua mtu, mpaka mtawala alipomrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na mke. Mwana akamwuliza baba, na baba, ijapokuwa alihisi hila, alimwambia. Alichomwa alipokuwa usingizini. Hata hivyo aliinuka, akaushika upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale umo upindeni, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji hawakuthubutu kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai. Ugumu wake uliwatisha adui hata baada ya roho kutoka, lakini haukuwa ngao dhidi ya mtoto wake. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Tukipanda kutoka pwani mpaka nyanda za Kano, karibu na Kisumu, twamkuta shujaa wa pili, Luanda Magere wa Wajaluo. Yeye husimuliwa kuwa na mwili wa jiwe. Mikuki na mishale ilimgonga ikaanguka. Adui zake walikuwa Lang'o, jina ambalo Wajaluo waliwaita majirani wao wa vilimani, ambao wengi huwafahamu kuwa Wanandi. Wazee wa Lang'o walipoona kwamba vita haviwafai, walimpelekea binti mzuri awe mke wake. Siku moja Magere aliugua. Mke akataka kumchanja ili amtie dawa, lakini wembe haukupenya. Ndipo mgonjwa, kwa kuchoka na maumivu, alipomwambia akichanje kivuli chake. Kivuli kikatoka damu. Usiku ule mke akakimbilia kwao, na katika vita vilivyofuata mkuki ukapigwa kivulini, Magere akaanguka akawa jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa huko Kano mpaka leo.

Visa hivi viwili vilitungwa mbali na mbali, kimoja na Waislamu wa visiwani, kingine na wafugaji na wavuvi wa Ziwa Viktoria, na bado vinafanana kama ndugu. Wagiriki wa kale nao walisimulia habari za Achilles, ambaye silaha haikumdhuru ila kisiginoni. Watunzi hawa wote hawakuogopa kumpa shujaa wao ugumu mwingi. Lakini kila mmoja aliacha kitundu kimoja, kwa sababu alijua kwamba hadithi ya mtu asiyeweza kuumizwa si hadithi ya mtu. Na katika visa vyetu viwili kitundu hicho hakikufunguliwa na mwenye nguvu zaidi. Kilifunguliwa na aliyeaminiwa.

Pengine mwanafunzi atasema kwamba hayo ni mambo ya ngano, na kwamba historia haina sindano za shaba wala vivuli vitokavyo damu. Basi na tuitazame historia ya vilima vinavyoonekana kusini ya mji wetu. Tangu mwaka 1895 Wanandi walipigana na utawala wa Waingereza kwa muda wa miaka kumi na zaidi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na Wanandi waliiona kuwa hatari kwa nchi yao. Walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli wakavifanya mapambo na silaha. Misafara mitano ya kijeshi ilitumwa kwao: mwaka 1895, 1897, 1900, 1903 na 1905.

Ni nini kilichowawezesha kusimama muda huo wote mbele ya bunduki na mizinga ya rasharasha? Hapana shaka walikuwa watu wagumu. Lakini ugumu wao ulikuwa umetiwa katika utaratibu. Nchi iligawanywa katika majimbo yenye vikosi vyake. Vijana walifungamana kwa marika. Waliijua misitu na mabonde, wakachagua usiku na mvua kuwa wakati wa kushambulia, ambapo bunduki hupungukiwa na faida. Juu ya hayo walikuwa na kiongozi mmoja wa kuwakusanya, Orkoiyot Koitalel arap Samoei.

Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Mahali pale Koitalel alipigwa risasi akafa, na wafuasi wake kadhaa wakauawa pamoja naye. Meinertzhagen alidai kwamba alijikinga na hila; Wanandi wamesema daima kwamba kiongozi wao aliuawa kwa hiana, alipokuwa amekuja kwa amani. Mambo hayo yalichunguzwa na maofisa wenzake, wakamwondolea lawama, lakini mwaka 1906 aliondoshwa katika nchi hii. Msafara mkubwa wa kijeshi ulifuata mara moja, mifugo ikatekwa, na watu wakahamishwa kutoka karibu na reli. Mwaka 1908 msafara wa walowezi wa Kikaburu kutoka Afrika Kusini ulipanda kwenye uwanda wa Uasin Gishu, na baadaye katika shamba nambari 64 ukaanza mji ambao mwaka 1912 ulipewa jina la Eldoret. Lile lisilowezekana kwa misafara minne liliwezekana pale palipotarajiwa mazungumzo. Wazee waliotunga kisa cha sindano na kisa cha kivuli hawakuwa wakicheza. Walikuwa wakieleza jinsi watu wagumu wanavyoangushwa.

Sasa tumtazame mtu aliyeupima ugumu wake mbele ya macho ya dunia nzima. Mwezi wa Oktoba 1968, Kipchoge Keino, mzaliwa wa Nandi na askari polisi, alikwenda kushindana katika Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, mahali palipo zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari. Alikuwa akiumwa kifuko cha nyongo. Tarehe 13 alikimbia mita 10,000 pamoja na walio mbele, lakini zikiwa zimesalia duru mbili maumivu yalimwangusha akatoka njiani. Akainuka akaendelea mpaka mwisho, ingawa alikuwa amekwisha kuondolewa katika mashindano. Siku hiyo mshindi alikuwa Mkenya mwenzake, Naftali Temu. Tarehe 17 Keino alipata nishani ya fedha katika mita 5,000, nyuma ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia kwa nukta chache sana.

Ilibaki mita 1,500, tarehe 20. Mpinzani wake, Jim Ryun wa Marekani, ndiye aliyeshika rekodi ya dunia, na alisifika kwa mbio za mwisho ambazo hakuna aliyeziweza. Kama Keino angetegemea ugumu peke yake, angekaa naye bega kwa bega mpaka duru ya mwisho, akashindwa. Badala yake alitumia akili. Ben Jipcho, mwenzake, aliondoka kwa kasi kubwa tangu duru ya kwanza. Keino akafuata, kisha akaongoza, akaweka nafasi ambayo Ryun hangeweza kuiziba katika hewa nyepesi ya mlimani. Alishinda kwa dakika 3 na nukta 34.9, karibu nukta tatu mbele ya Ryun. Jipcho alimaliza wa kumi. Katika mita 10,000 ugumu ulimwinua Keino kutoka chini, na hilo si jambo dogo. Lakini nishani ya dhahabu ililetwa na mambo matatu pamoja: ugumu, shauri jema na mwenzi aliyekubali kujitoa. Uwanja wa michezo wa Eldoret unalo jina la Keino. Apitaye hapo afadhali akumbuke na jina la Jipcho.

Mfano wa mwisho ni wa karibu, na ni wa huzuni. Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 19. Alipata nishani za shaba za dunia katika mita 10,000 mwaka 2017 na 2019. Tarehe 12 Septemba 2021, huko Ujerumani, alikimbia kilomita 10 kwa dakika 30 na nukta 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba 2021, alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Nani angeweza kusema kwamba hakuwa mgumu? Mapafu yake na miguu yake ilikuwa imeshinda karibu kila mtu ulimwenguni. Lakini nyumbani ndipo mtu anapovua viatu vya mbio na kulala, na ugumu wa njiani haulindi mlango wa chumbani. Wanariadha wenzake hawakusema kwamba wasichana wangefaa kuwa wagumu zaidi. Walianzisha chama, wakakiita Tirop's Angels, kiwasaidie wanaoteswa na kiwafundishe watu kusema mapema. Walitambua kwamba hapo kilichopungua ni masikio ya kusikia na mikono ya kusaidia.

Basi turudi kwa yule mwumbaji wa mashujaa tuliyemwacha mezani na sifa zake chache. Asiache kumpa mtu wake ugumu. Asiye nao huanguka kwa pigo la kwanza, na akili yake yote huzikwa pamoja naye. Lakini ampe ugumu wa kutosha kumweka wima mpaka shauri lipatikane na wenzi wafike; kilichosalia akigawe kwa akili, ili ajue mahali pa kusimama na mahali pa kuondoka, na kwa haiba na hekima, ili apate watu wa kuaminiwa na ajue nani si wa kuaminiwa. Jifya moja haliinjiki chungu, hata likiwa gumu namna gani. Yanatakiwa matatu.

Nanyi vijana mnaosoma maneno haya, mnajijenga kila siku, na pointi zenu nazo si nyingi. Saa inayotumiwa kuzoea maumivu haitumiki kujifunza jambo lingine. Mvumilivu hula mbivu, ni kweli. Lakini anayevumilia kila kitu, hata dhuluma, hata ugonjwa unaotibika, hata upweke, haongezi ugumu wake. Anakificha kitundu chake asikione mtu wa kukiziba, na kitundu kilichofichwa rafiki aghalabu hugunduliwa na adui. Mwanafunzi ajuaye kukimbia hali amechoka anastahili sifa. Ajuaye pia kusema, “Mwenzangu, naumia,” anastahili sifa zaidi, kwa kuwa neno hilo dogo ni gumu kulitamka katika nchi ya watu wagumu.